Mzigo na Mhimili: Ustahimilivu wa Vijana wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya Wakati wa Hali ya Hatari, 1952–1960

Utangulizi

Neno ustahimilivu limekita mizizi katika mijadala ya malezi na elimu. Walimu washauri hulitumia, wanasaikolojia hulitumia, na wahubiri nao hawajaachwa nyuma. Aghalabu hurejelea hali ya kijana aliyepatwa na madhila makubwa, akainama lakini asivunjike. Hata hivyo, ni nadra kwa watumiaji wa neno hili kusita na kujiuliza limebeba nini. Makala haya yanaanzia hapo kwenye neno, kisha yanalipeleka Nyeri na maeneo jirani ya Mlima Kenya katika miaka ya 1950, ambako maelfu ya vijana walibalehe katikati ya vita.

Kitenzi stahimili kina asili ya Kiarabu, na mzizi wake, h-m-l, una maana ya kubeba au kuchukua. Mzizi huohuo ndio uliokipa Kiswahili maneno himili, hamali (yule mchukuzi wa bandarini na sokoni) na mhimili. Kwa hivyo, anayestahimili ni mtu aliyetwikwa mzigo akaweza kuusimamisha. Subira ni jambo jingine: hiyo hudokeza kujizuia na kungoja. Methali zinazotajwa sana darasani, kama vile Subira huvuta heri na Mvumilivu hula mbivu, zinamtaka mtu atulie hadi wakati ufike. Hazisemi lolote kuhusu mtu ambaye mzigo umekwisha kuwekwa mabegani mwake, na ambaye hana budi kutembea nao kesho asubuhi. Tofauti hii si ya kisarufi tu. Waandishi wengi wanaposifu ustahimilivu wa vijana huwa kwa hakika wanasifu subira, na kwa kufanya hivyo humwachia kijana peke yake kazi yote. Neno mhimili linatukumbusha kwamba kinachobeba nacho hushikiliwa.

Wanasaikolojia walilifikia wazo hili kwa njia yao. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika hatari nyingi, kama vile umaskini na migogoro ya nyumbani, takriban thuluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na imani. Jambo lililojitokeza mara kwa mara katika maisha yao ni uwepo wa angalau mtu mzima mmoja asiyetetereka, awe mzazi, nyanya, mwalimu au jirani. Nchini Uchina nako, baada ya tetemeko la ardhi la Wenchuan la tarehe 12 Mei 2008, watafiti waliwaendea wanafunzi wa sekondari walionusurika, na suala la msaada wa familia, walimu na marafiki likawa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa zaidi. Naye Ann Masten, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 2001, alishikilia kwamba ustahimilivu hauna muujiza wowote. Hutokana na mambo ya kawaida yanapoendelea kufanya kazi.

Swali basi ni hili: je, mambo ya kawaida yanapoharibiwa kwa makusudi, kijana hushika nini?

Mzigo wenyewe

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Ilidumu hadi Januari 1960. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 12 ilipotangazwa alikuwa na 19 ilipoondolewa; ujana wake wote uliliwa humo.

Mhimili wa kwanza kung'olewa ulikuwa shule. Tangu mgogoro wa mwaka 1929 baina ya wamishenari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, jamii zilikuwa zimejijengea shule zao huru, zikiwemo zile za Karing'a na zile za chama cha KISA. Wazazi walichanga fedha, wakakata mbao, wakawalipa walimu. Serikali ilipozifunga shule hizo mwanzoni mwa Hali ya Hatari, wanafunzi wengi walijikuta nyumbani. Chuo cha Githunguri, kilichokuwa fahari ya elimu hiyo huru, nacho kilifungwa.

Mhimili wa pili ulikuwa nyumba. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, serikali iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, hadi kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Nyumba za awali zilizotapakaa migongoni mwa vilima, kila mji na shamba lake, zilichomwa au kubomolewa. Watu walijenga vibanda upya chini ya usimamizi wa askari wa ulinzi wa nyumbani, ambao wenyeji waliwaita kamatimu kutokana na mikuki waliyoshika mwanzoni. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje, kazi ya kulazimishwa na njaa. Handaki refu la kilomita 80 hivi, lililochomekwa vijiti vyenye ncha kali, lilichimbwa kando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na waliowapelekea chakula. Waliolichimba kwa jembe na karai walikuwa wanavijiji, wengi wao wanawake.

Mhimili wa tatu ulikuwa baba. Wanaume wa rika la wazazi walikuwa msituni, au kizuizini Manyani na kwingineko, au katika ulinzi wa nyumbani, au wameuawa. Nyumba nyingi zilibaki na mama, nyanya na watoto. Binti wa miaka 13 akawa mlezi wa wadogo zake mama anapokuwa handakini. Mvulana wa miaka hiyohiyo akawa mwanamume pekee kibandani.

Kuna jambo la nne ambalo wanahistoria wa siasa hulitaja kwa haraka lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulipita. Katika jamii ya Wakikuyu, kijana hakuwa mtu mzima kwa kutimiza miaka fulani. Alivushwa. Jando lilimtoa mvulana katika uhii na kumtia katika riika, yaani kundi la waliotahiriwa pamoja, watakaoitana wenzi maisha yao yote. Neno hilo la Kikuyu na neno la Kiswahili rika ni ndugu wa damu. Hali ya Hatari ilipopiga marufuku mikutano, ikatawanya familia na kuwaondoa wazee, ilivuruga pia daraja hilo. Kijana alibeba mzigo wa mtu mzima bila kupewa cheo cha mtu mzima.

Binti wa Ihithe

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Tawasifu yake ya mwaka 2006 ni miongoni mwa maelezo machache ya kina tuliyo nayo kutoka kwa mtu aliyekuwa kijana wa kike wakati huo. Alianza shule ya msingi ya Ihithe baada ya kaka yake, Nderitu, kuuliza nyumbani kwa nini binti huyu hasomi kama wao. Swali dogo la mvulana mdogo; mama yake akalichukua kwa uzito. Akiwa na miaka 11 alipelekwa katika shule ya bweni ya St. Cecilia's, kwenye misheni ya Kikatoliki ya Mathari mjini Nyeri, chini ya watawa wa Consolata kutoka Italia.

Bweni lilimkinga. Wakati mama yake anahamishiwa katika kijiji cha Hali ya Hatari, Wangari alikuwa na kitanda, chakula, ratiba na walimu waliomjua kwa jina. Tukitazama kwa miwani ya Werner, watawa wale walikuwa ndio watu wazima wasiotetereka. Lakini kinga hiyo ilikuwa na bei yake. Wanafunzi walifundishwa kuwaona Mau Mau kuwa magaidi na kuomba wakamatwe, ilhali majirani zao wa Ihithe walikuwa miongoni mwa waliosakwa. Aidha, mwanafunzi aliyepatikana akizungumza Kikuyu alivishwa beji ya aibu, naye akaivaa mpaka amkamate mwenzake akifanya kosa hilohilo. Aliyebaki nayo jioni aliadhibiwa. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa zaidi kuhusu beji hiyo. Wajukuu zake wamo katika shule nyingi hadi leo, na lugha inayoadhibiwa wakati mwingine ni Kiswahili chenyewe.

Wala ngao ya shule haikuwa kamili. Akiwa na miaka 16, wakati wa likizo, Wangari alikamatwa akiwa njiani kwenda kumwona baba yake upande wa Nakuru, akawekwa kambini siku mbili. Msichana wa shule, mwenye sare na adabu za watawa, aligundua kwamba mbele ya karatasi za serikali yeye alikuwa Mkikuyu tu. Mwaka 1956 alimaliza masomo ya St. Cecilia's akiongoza darasa lake, akajiunga na Loreto Limuru, na mwaka 1960 akasafiri kwenda kusoma Marekani. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 inajulikana na wote.

Ni rahisi kuisimulia historia hii kama ngano ya shujaa: binti maskini, nia thabiti, ushindi. Usomaji wa makini unaonyesha vingine. Ondoa swali la Nderitu, ondoa uamuzi wa mama, ondoa bweni la Mathari, na hakuna sababu ya kuamini kwamba nia peke yake ingetosha. Wasichana wengine wa Ihithe walikuwa na nia pia.

Binti wa Kirinyaga

Jane Muthoni Mara alikuwa na umri wa karibu mwaka mmoja tu zaidi ya Wangari. Mwaka 1954, akiwa na miaka 15, alikamatwa kwa kushukiwa kuwapelekea chakula wapiganaji, akapelekwa katika kambi ya mahojiano ya Gatithi, katika eneo ambalo sasa ni Kirinyaga. Huko aliteswa kikatili, kwa namna ambayo iliuvunjia heshima mwili wake, kisha akafungwa gerezani. Hakuwa na bweni. Hakuwa na mtawa wa kumwombea.

Nadharia nyingi za ustahimilivu hukwama hapa, kwa kuwa hupenda kupima kwa mafanikio: kijana alipita mtihani, alipata kazi, hakuingia katika uhalifu. Mara aliolewa, akazaa, akalima, akanyamaza kwa zaidi ya nusu karne. Je, kunyamaza huko ni ustahimilivu au ni jeraha? Yamkini ni yote mawili. Mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa wazee wachache waliowasilisha kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Wenzake walikuwemo Wambugu wa Nyingi, Paulo Nzili na Ndiku Mutua, ambaye kesi ilipewa jina lake. Tarehe 5 Oktoba 2012 mahakama iliamua kwamba madai ya Mara, Nyingi na Nzili yangeweza kusikilizwa ijapokuwa muda mrefu ulikuwa umepita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Yaliyomfika akiwa na miaka 15 aliyasema hadharani akiwa na umri wa miaka 70 hivi. Kilichomwezesha si kwamba hatimaye alipata ujasiri, kana kwamba hakuwa nao awali. Ni kwamba sheria iliyokiita chama cha Mau Mau haramu tangu ukoloni ilikuwa imefutwa mwaka 2003, mawakili na watetezi wa haki walikuwa wamejitokeza, na wazee wenzake walikuwa tayari kukaa naye katika chumba kimoja na kusema. Mihimili ilichelewa miaka 55, lakini ilipofika mzigo uliinuliwa.

Wamumu: ustahimilivu wa kupangiwa

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na rai yake kuhusu vijana. Kambi za wazuiliwa zilikuwa na wavulana wadogo waliochanganywa na watu wazima, na hali hiyo ilianza kuiletea serikali aibu. Mwaka 1955 ilifunguliwa kambi ya vijana ya Wamumu, katika nyanda kavu za Mwea, ambayo ilikuja kuwapokea wavulana zaidi ya elfu moja kutoka Manyani na kambi nyinginezo. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Geoffrey Griffin, kijana wa Kizungu aliyezaliwa Kenya na kuwahi kuwa ofisa wa jeshi la King's African Rifles.

Ratiba ya Wamumu ilikuwa na gwaride, kandanda, masomo ya kusoma na kuandika, useremala na ufundi mwingine. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba wavulana ambao hawakuwa wametahiriwa walipashwa tohara wakiwa kambini. Maofisa walikuwa wametambua kile ambacho wazee wa Nyeri walikijua siku zote, kwamba kijana asiyevushwa hana pa kusimama. Wakaamua kumvusha wao, na kumfanya mwanamume mtiifu kwa serikali. Jando lilibaki, mwenye jando akabadilika.

Tathmini ya Wamumu haiwezi kuwa ya upande mmoja. Kwa upande mmoja, ilikuwa kambi ya wafungwa watoto ambao wengi hawakupata kesi ya haki, na lengo lake lilikuwa kuwabadilisha fikra. Kwa upande mwingine, wavulana waliotoka Manyani walipata humo chakula, wenzi wa rika, ufundi wa mkono na cheti kilichofungua mlango wa kazi. Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa ajili ya wavulana wa mitaani, wengi wao mayatima wa vita hivyohivyo. Mazoea mengi ya Wamumu yalihamia huko. Wamumu yenyewe imeendelea kuwa shule ya serikali ya kurekebisha tabia, na iko Kirinyaga hadi sasa.

Wasichana hawakuwa na Wamumu yao. Waliozuiliwa walipelekwa zaidi Kamiti, pamoja na wanawake watu wazima. Tofauti hii haijadiliwi inavyostahili, pengine kwa sababu kisa cha mvulana aliyeokolewa na gwaride husimulika vizuri zaidi.

Lugha kama mhimili

Ni ajabu kwamba watafiti wa Kiswahili wameliacha suala la kambi hizi mikononi mwa wanahistoria. Wazuiliwa walitoka Nyeri, Murang'a, Embu, Meru na hata Ukambani; askari walitoka karibu kila pembe ya nchi. Amri, matusi, maombi na biashara ndogondogo ya tumbaku vilihitaji lugha ya kati, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. J. M. Kariuki, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1963, anaeleza jinsi wazuiliwa walivyojipanga na kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Kijana aliyeingia kambini akiwa na Kikuyu pekee alitoka na lugha ya pili, na pamoja nayo uwezo wa kumwelewa askari kabla ya rungu kushuka. Hata jina la vuguvugu lenyewe lilipewa tafsiri ya kifupisho cha Kiswahili, Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru. Wengi wanakubaliana kwamba hiyo ni etimolojia ya mitaani iliyobuniwa baadaye, lakini kubuniwa kwake kwa Kiswahili, si kwa Kikuyu, kunasema mengi kuhusu namna wapigania uhuru walivyojitazama.

Katika fasihi andishi, P. M. Kareithi alitangulia na riwaya ya Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969. Mwaka huohuo Charity Waciuma alichapisha kwa Kiingereza kumbukumbu za binti aliyekulia upande wa Murang'a katika miaka hiyo. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi mwaka 1978, inaihusu Nyeri moja kwa moja, kwani Kimathi alikamatwa huko tarehe 21 Oktoba 1956 na kuhukumiwa mjini humo. Wahakiki wengi humwangalia Kimathi mwenyewe. Wanaopita haraka mno ni wale wahusika wawili wasio na majina, Mvulana na Msichana. Tunapokutana nao wanapigania fedha. Mvulana anamwandama msichana, na kila mmoja yuko peke yake duniani. Anayewabadilisha si hotuba ya shujaa, bali mwanamke mmoja anayewasimamisha, anawakemea, anawaamini na kuwapa kazi. Mwishoni wako katikati ya umati, wakiimba. Mũgo, aliyezaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942, alikuwa mwenyewe msichana wa shule wakati wa Hali ya Hatari. Huenda ndiyo sababu alijua kwamba mtu mzima mmoja hutosha kugeuza njia ya kijana.

Yaliyobaki

Vijiji vya Hali ya Hatari havikutoweka vyote. Nyeri bado ina makazi yanayoitwa vijiji vya kikoloni, ambamo familia zilizokosa ardhi wakati wa kupimwa kwa mashamba zimeishi kizazi baada ya kizazi kwenye vipande vidogo, huku suala la hatimiliki likisumbua serikali moja baada ya nyingine. Mjukuu wa binti aliyechimba handaki huenda leo anasomea mtihani katika kiwanja kilekile.

Yeyote aliyekuwa na umri kati ya miaka 13 na 19 vijiji hivyo vilipoanzishwa alizaliwa kati ya mwaka 1935 na 1941. Wangari Maathai alifariki mwaka 2011, Mĩcere Mũgo mwaka 2023. Walio hai Karatina, Othaya, Mukurwe-ini na Kerugoya wamepita miaka 80. Wengi wao walijifunza Kiswahili chao cha kwanza kutoka kwa askari aliyewahesabu langoni, na msamiati huo wa langoni, majina waliyowapa wasimamizi, nyimbo za handakini na vitendawili walivyotegana baada ya saa ya marufuku bado havijaingizwa katika kamusi wala mkusanyiko wowote wa maana wa fasihi simulizi ya Kiswahili.